AWS, Google Cloud au Azure: wapi ni wepesi kumpa mtu ruhusa ya kazi yake tu

Juzi mwenye nyumba ya wageni ya Jambiani kanipigia simu, anataka mfumo wake wa bukingi autoe kwenye ile kompyuta ya mapokezi aupeleke klaudi, yaani kwenye seva za kukodi za mtandaoni, suala lake ni aende wapi, AWS ya Amazon, Google Cloud au Azure ya Microsoft. Nikamwambia bei tutaizungumza, kwanza nihesabie nani na nani watakuwa wanaingia humo. Kahesabu: yeye, mimi, mhasibu wake anaekaa Mwanakwerekwe, kijana wa fildi anaejifunza kazi kwangu, na hiyo kompyuta ya mapokezi yenyewe, maana kila usiku itapandisha bekapu pamoja na skani za paspoti za wageni. Watu wanne na mashine moja. Nikamuuliza hivi sasa wanaingiaje, kanijibu wote wanatumia paswedi moja na ipo kwenye grupu la WhatsApp tangu masika ya mwaka jana.

Basi nalinganisha hizi tatu kwa kipimo hicho tu, nani anaweza kufanya nini na wapi. Kasi siitizami sana kwa sababu zote tatu zina vituo Afrika Kusini, Azure tangu 2019, AWS wapo Cape Town tangu 2020, Google wamefungua Johannesburg 2024, kwa sie wa Unguja na Pemba tofauti utaihisi kidogo sana. Na bei ya seva ukikosea unabadilisha mchana mmoja yakesha, ila ruhusa ukikosea hujui kama umekosea mpaka siku kitu kimeharibika.

Najua hili kwa kuwa limenikuta. Mwaka juzi nilikuwa naangalia mfumo wa kituo kimoja cha afya, tupo Google, nikampa kijana wa fildi cheo cha Editor, yaani anaebadilisha na kufuta karibu kila kitu, kwenye projekti nzima (projekti kwa Google ni fungu lenye seva na mafaili yako) kwa sababu nilikuwa na haraka na hicho ndo kilikuwa cha kwanza kwenye orodha. Nikamwambia afute seva ya majaribio. Seva zilikuwa mbili na majina yanafanana, tofauti namba ya mwisho tu, akafuta ile ya kazi, na diski ya mfumo ikaenda nayo maana ndo ilivyo kawaida yake, ukifuta seva diski yake ya kuwashia inafutwa pamoja. Bekapu tuliyokuwa nayo ni ya siku mbili nyuma. Wale akina dada wa mapokezi wakakaa mpaka usiku wanaingiza upya kutoka kwenye madaftari, mgonjwa mmoja mmoja. Kijana alilia, na mimi nikamwambia mbele ya kila mtu kosa si lako, mimi ndo nilokupa ufunguo wa chumba ambacho hukuwa na kazi nacho.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe zinalijua jambo hili zamani, mgeni wa njiani anaishia barazani, anaejulikana anakaribishwa ukumbini, na ndani ni pa watu wa nyumba. Upande wa kompyuta walioliandika vizuri ni Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT mwaka 1975, kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kabisa zinazotosha kumaliza shughuli yake. Na ukitaka kuona ruhusa ikizidi inafanya nini kwa wakubwa, benki ya Capital One ya Marekani mwaka 2019: mtu alipenya kwenye kinga ya tovuti yao ilopangwa vibaya, akachukua ruhusa za ile seva, na zile ruhusa zikamfungulia mabaketi, yaani stoo za mafaili za klaudi, ambayo kinga ya tovuti haikuwa na haja nayo kabisa, zikatoka taarifa za watu kama milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada, na 2020 wakapigwa faini ya dola milioni 80. Kuingia kwake lilikuwa tatizo moja, ila ukubwa wa hasara uliletwa na upana wa ruhusa.

Kila mmoja anavyofikiri

AWS wanaanzia kwenye kufunga. Mtu mpya unaemtengeneza hana chochote, hata orodha ya seva haoni, mpaka umuandikie sera, nayo ni maandishi ya JSON (namna ya kuandika data isomeke na kompyuta) yenye sehemu nne za maana: inaruhusu au inakataza, kitendo gani, kwenye kitu gani, na kwa sharti gani. Pakikutana ruhusa na katazo la wazi, katazo linashinda siku zote. Hapa hakuna mwengine anaemfikia kwa uchambuzi, unaweza kusema huyu aweke faili kwenye baketi hili moja, ndani ya folda hii, akiwa amethibitishwa kwa hatua mbili, basi. Lakini lazima uandike mwenyewe, na walio wengi kwa kuchoka wanachukua zile sera za tayari kama AmazonS3FullAccess, ambayo inampa mtu mabaketi yote ya akaunti pamoja na kuyafuta. Halafu kuna yule mtumiaji wa mwanzo, root, mwenye imeili iliyofungulia akaunti, huyo kwenye akaunti moja ya kawaida hakuna sera ya ndani inayomzuia, kwa hivyo mpe uthibitisho wa hatua mbili, mfungie, na asiingie mtu kwa jina lake kwa kazi za kila siku.

Google wao ni cheo na mahali. Unamchukua mtu, unampa cheo, unachagua mahali pa kukiweka: shirika zima, folda, projekti, au kitu kimoja kama baketi. Ukiweka juu kinateremka mpaka chini, na huwezi kule chini kumpunguzia kile alichopewa juu isipokuwa uandike sera ya katazo, kitu ambacho timu ndogo haifiki huko. Uzuri wao ni kwamba vyeo vya tayari vipo vingi na vimekatwa vidogo vidogo, humo utakuta cha kupandisha faili tu, cha kusoma logi tu, cha kutizama bili tu. Ubaya ni vile vyeo vitatu vya msingi, Owner, Editor na Viewer, vipo pale pale karibu na mkono, na Editor ni mpana kupita jina lake.

Jambo jengine la Google la kuangalia leo hii kama unacho tayari: seva zao zinakuja na akaunti ya mashine ya kawaida, yaani jina ambalo seva yenyewe inaingilia, na kwa muda mrefu akaunti hiyo ilikuwa inapewa Editor yenyewe bila kuuliza. Mashirika yaliyofunguliwa baada ya Mei 2024 yamewekewa kizuizi, lakini wengi wetu huku tumefungua kwa Gmail ya kawaida, hakuna shirika lolote, kwa hivyo ingia kwenye IAM, ukurasa wa ruhusa, utizame kama ile akaunti ya Compute Engine, huduma yao ya seva, ina neno Editor mbele yake, na kama lipo mtu akiipenya seva yako moja amepata projekti nzima.

Azure wanafanana na Google kwa cheo na mahali, ila mahali pao pana ngazi moja naipenda kweli kweli, kikundi cha rasilimali. Kila kitu cha Azure lazima kiwe ndani ya kikundi, kwa hivyo hata mtu mvivu kashapanga vitu vyake kwenye vyumba bila ya kukusudia. Unafanya kikundi cha majaribio na kikundi cha kazi, ruhusa unaziweka kwenye kikundi, imekwisha. Vyeo vikubwa ni Owner, Contributor na Reader, na Contributor anafanya karibu kila kitu isipokuwa kugawa ruhusa kwa wengine.

Lakini Azure wana milango miwili na hapa watu wanaanguka. Kuna ruhusa za kusimamia kitu na ruhusa za kugusa data iliyomo ndani yake. Reader wa stoo ya mafaili anaiona stoo ipo, mafaili haoni, mpaka umpe cheo chengine kama Storage Blob Data Reader. Ukisikia hivo unafikiri Contributor nae ni vile vile, anasimamia tu, data hagusi. Sivyo. Contributor anaweza kuzitoa funguo za ile akaunti ya stoo, na mwenye zile funguo anasoma na kufuta kila faili. Ukitaka milango iwe miwili kweli, zima matumizi ya funguo hizo kwenye mipangilio ya stoo, ndo utakuwa umeufunga ule wa nyuma.

Kompyuta ya mapokezi na bekapu ya usiku

Kazi hii ndo inanipa usingizi mdogo kuliko zote, maana ile kompyuta ipo wazi mapokezi, wageni wanachomeka fleshi zao waprintiwe tiketi za boti, na ikipata kirusi kirusi kile kitakuwa na ufunguo wowote uliouweka humo. Ingekuwa seva iliyo ndani ya klaudi nisingeweka ufunguo kabisa, AWS unaipa seva cheo chake, Google unaiambatisha akaunti ya mashine, Azure wana kitambulisho wanachokisimamia wenyewe, na zote zinajipatia tokeni, yaani pasi za kuingilia, za muda mfupi bila mtu kunakili kitu. Kompyuta ya Jambiani ipo nje, njia za kuiunganisha bila ufunguo zipo kwa wote watatu lakini ni kazi kubwa kwa mapokezi ya vyumba kumi. Kwa hivyo ufunguo utakaa pale, suala ni ukiibiwa unafungua nini.

Ninachotaka ni iweze kuweka faili jipya tu. Isisome, isifute, isiandike juu ya lililopo.

Google wana cheo hicho tayari, Storage Object Creator, unakiweka juu ya baketi moja na kazi imekwisha ndani ya dakika tano. Hakisomi, hakifuti, na hakiandiki juu ya faili lililopo. Hili la mwisho lilinisumbua mara ya kwanza nilipokitumia, usiku wa kwanza bekapu ikapanda vizuri, wa pili ikakataliwa, nikakaa asubuhi nzima natafuta kosa kumbe faili langu lilikuwa na jina lile lile kila siku na Google wanahesabu kuandika juu ni kufuta kwanza. Nikaweka tarehe kwenye jina la faili, ikaenda. Na ukifikiri hicho ndo unachokitaka khasa, kirusi kinachofunga mafaili hakitaweza kuziharibu bekapu za zamani.

AWS unaandika sera yenye kitendo kimoja, s3:PutObject (S3 ni stoo yao ya mafaili, PutObject ni kuweka faili), kwenye baketi moja. Fupi, safi, ila PutObject inaandika juu ya faili lililopo bila kulalamika, kwa hivyo peke yake haitoshi, washa uhifadhi wa matoleo kwenye baketi ili lile la zamani libakie chini yake, na usimpe mtu ruhusa ya kufuta matoleo. Nyengine ya kuangalia, kitendo cha kuorodhesha mafaili kinaandikwa juu ya baketi lenyewe na kitendo cha kuweka faili kinaandikwa juu ya vilivyomo, yaani jina la baketi, mkwaju na nyota, na nyota maana yake chochote. Ukichanganya unapata kukataliwa na hujui kwa nini, na wengi hapo ndo wanapokata tamaa wakaweka nyota kila mahali.

Azure wana tokeni ya SAS, kiungo kirefu kilichosainiwa kwa funguo za stoo (kwa hivyo stoo hii funguo zake usizizime) ambacho unakipa ruhusa na tarehe ya kufa. Unachagua ruhusa ya kuunda tu, bila ya kuandika, inaweka faili jipya na haigusi la zamani, na baada ya miezi mitatu inakufa yenyewe hata ukisahau. Hii tarehe ya mwisho ni jambo kubwa sana, kwa sababu ufunguo wa mtumiaji wa AWS na ufunguo wa akaunti ya mashine wa Google kwa kawaida yao havina mwisho, ukivisahau vinaishi. Ila mkataba wa SAS ufungamanishe na sera iliyohifadhiwa kwenye kontena, yaani baketi la Azure, ukitaka kuuvunja unaifuta sera, vyenginevyo itabidi ubadilishe funguo za stoo nzima na kila kilichozitegemea kisimame.

Kwa kazi hii peke yake nawaweka Google mwanzo, Azure karibu yao sana, AWS wa tatu, si kwa kuwa hawawezi ila kwa kuwa kuna mambo mawili ya kukumbuka na asiyeyajua hatoambiwa na mtu. Na usisahau ni paspoti za watu zile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, ukiulizwa kwa nini kompyuta ya mapokezi ilikuwa na uwezo wa kusoma skani za mwaka mzima utajibu nini.

Kijana wa fildi

Yeye anahitaji kuwasha na kuzima seva ya majaribio, kuvunja, kujenga tena, ajifunze. Asiione ya kazi hata jina.

Azure hapa hawana mpinzani. Contributor kwenye kikundi cha majaribio, basi, anakuwa mfalme wa chumba kile na chengine hakioni. Halafu kile kikundi cha kazi unakitia kufuli la kutofutwa, na kufuli hilo linamzuia hata Owner mpaka kwanza alitoe kwa mkono wake, na Contributor hawezi kulitoa. Ningekuwa na kufuli kama lile siku ya kituo cha afya wale akina dada wangelala makwao.

Google fanya projekti mbili. Usijaribu kuchanganya majaribio na kazi kwenye projekti moja halafu ugawe kwa ujanja, projekti hazina gharama zenyewe, zitumie kama kuta. Mpe Compute Instance Admin kwenye projekti ya majaribio. Atakuja kukwambia anagomewa na mfumo unataka Service Account User, na hapa tafadhali nakuomba uwe makini, usimpe cheo hicho kwenye projekti nzima, mpe juu ya ile akaunti moja ya mashine anayoitumia, kwa sababu ukimpa projekti nzima anaweza kuvaa jina la akaunti yoyote iliyomo, na kama mojawapo ina Editor basi na yeye kashakuwa Editor kwa mlango wa uani. AWS wana ndugu yake, iam:PassRole, ruhusa ya kuipa seva cheo, nae hivyo hivyo usimuandikie nyota.

AWS ukiwa na akaunti moja utatumia lebo, unaibandika seva lebo ya mazingira majaribio na sera inasema azime na awashe zenye lebo hiyo tu. Inafanya kazi, lakini kuna vitendo kama kuorodhesha seva ambavyo haviwezi kukatwa kwa kitu kimoja, ama azione zote ama asione hata moja, kwa hivyo jina la ile ya kazi ataliona. Na ukimpa ruhusa ya kubandika lebo bila sharti umempa kila kitu, ataibandika ile ya kazi na itakuwa yake. Njia safi ya AWS ni akaunti mbili chini ya Organizations, huduma yao ya kukusanya akaunti nyingi, haina malipo, kuta za akaunti ni nene kuliko za projekti, ila ni usimamizi zaidi na mwenye Jambiani hatouweza nisipokuwepo.

Mhasibu

Huyu mwepesi. Google Billing Account Viewer, Azure Cost Management Reader au Billing Reader, AWS sera ya kuona bili ila kwanza root aingie mara moja awashe watumiaji waruhusiwe kuziona bili, bila ya hivo utaandika sera mpaka uchoke na ukurasa hautafunguka.

Kupunguza baadae, na mtego wa msimu

Wote watatu wanasema anza na kidogo, halafu tizama nini kimetumika, punguza. AWS wanakuonesha mara ya mwisho mtu alitumia huduma gani, na Access Analyzer, zana yao ya kukagua ruhusa, inaweza kukuandikia sera kutokana na kumbukumbu za hadi siku 90, ingawa kuandika na kusoma mafaili ndani ya mabaketi haivioni kwa undani huo kwa hivyo hiyo sehemu utaijaza mwenyewe. Google nao wanatizama siku 90 na kukushauri huyu ana Editor lakini anatumia vitu vichache, mshushe. Azure ukaguzi mzuri wa aina hii pamoja na ruhusa za kuomba kwa saa chache upo kwenye leseni ya Entra ID P2 (Entra ndo sehemu ya Microsoft ya kusimamia majina ya watumiaji), inalipiwa kwa kila mtu, ila kugawa vyeo vyenyewe hakulipiwi popote, si kwao wala kwa wengine.

Lakini siku 90 ni za nchi ambayo biashara yake ni sawasawa mwaka mzima. Huku kwetu Aprili na Mei mvua, nusu ya nyumba za pwani zimefungwa, mapokezi kuna mtu mmoja anafagia. Ukikaa Juni ukafuata ushauri wa mashine utaambiwa ruhusa ya kurudisha fedha za bukingi haijaguswa, ruhusa ya ripoti za kodi haijaguswa, ondoa, ukaondoa, halafu Julai na Agosti wageni wamejaa Paje na Jambiani na mfumo unawakatalia watu kazi saa nne usiku. Mie nakagua mara mbili, mwisho wa Septemba baada ya msimu mkubwa na mwisho wa Februari, na ripoti ya Juni sifanyii kazi. Wenzetu wa Pemba wenye mifumo ya karafuu nao wana msimu wao, wahesabu kwa mavuno si kwa kalenda ya California.

Mtu akiondoka

Azure unaingia Entra, unamzuia asiingie, mara moja kwa vitu vyote. AWS ukitumia Identity Center, mahali pao pamoja pa kuingizia watu, ni vile vile, na ukiwa na watumiaji wa kawaida wa IAM unafuta mtumiaji na funguo zake, kila mmoja anaweza kuwa nazo mbili. Google ndo panaponitia wasiwasi kwa timu zetu, kwa sababu tunaalika Gmail za watu binafsi, ipo projekti hii, ipo ile, ukimtoa huku umemsahau kule, dawa ni kufungua Cloud Identity, huduma ya Google ya majina ya wafanyakazi, ya bure kwa domeni yako watu wawe na majina ya kazini. Na kwa wote watatu, kumtoa mtu hakuuvunji ufunguo wa mashine alioushusha kwenye laptopu yake alipokuwa kazini. Ufunguo ule si wake, ni wa mashine, utaendelea kufanya kazi. Siku mtu anaondoka na funguo alizozigusa zibadilishwe siku hiyo hiyo, mbele yake ikiwezekana, hata kama mnaachana kwa wema.

Sasa uchague ipi

Kama timu yako ni watu wawili mpaka watano, hakuna anaetaka kusoma JSON, na kazi kubwa ni mafaili na seva moja mbili, mie nasema Google, kwa masharti: projekti mbili tangu siku ya kwanza, Owner wawili tu, neno Editor lisionekane popote, sio kwa mtu sio kwa mashine.

Kama ofisi yenu tayari ina Microsoft 365, yaani watu wote wana majina mule, mshahara na likizo zinapita mule, nendeni Azure wala msihangaike, maana mtu akiajiriwa au akiondoka jambo linafanywa mahali pamoja na vikundi vya rasilimali vitakulindeni hata mkiwa hamna mtaalamu wa kila siku. Wenyewe Microsoft wanashauri Owner wa sabskripsheni, yaani akaunti nzima ya Azure, wasizidi watatu, na kwa ofisi zetu wawili watosha.

AWS nendeni kama mna mtu wa kudumu, wa kudumu nasema, sio fundi anaekuja akiitwa, ambae atakaa na zile sera, azisome, azifupishe. Mkiwa nae mtapata ulinzi mwembamba kuliko wote. Mkiwa hamnae mtaishia na nyota, na AWS yenye nyota ni hatari kuliko Azure yenye Contributor kwenye kikundi kimoja.

Na kuna wanaosoma hapa hawana klaudi yoyote ya hizo, wana VPS, seva moja ndogo ya kukodi, ya dola tano yenye root mmoja (msimamizi mkuu wa seva) na paswedi yake kila mtu anaijua. Hamhitaji kuhama. Mpeni kila mtu jina lake na ufunguo wake wa SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali, zimeni root kuingia moja kwa moja, kwenye sudo, inayomruhusu mtu kutoa amri za root, muandike amri zile tu anazozihitaji, na ufunguo wa mashine ya bekapu ufungwe kwenye faili la authorized_keys, orodha ya funguo zinazokubaliwa, kwa amri moja ili hata ukiibiwa usifungue kitu chengine. Mchana mmoja wa kazi.

Mwenye Jambiani nimempeleka Google. Projekti mbili, yeye na mimi Owner, mhasibu anaona bili, kompyuta ya mapokezi inaweka faili jipya na hairudi kulisoma. Kijana wa fildi yupo kwenye majaribio, jana kaifuta seva nzima kwa bahati mbaya, akaja kaniambia mwenyewe, tukaijenga tena pamoja kabla ya adhuhuri, na Jambiani hakuna aliejua.